Ng'ombe Aliyesimama Kati Yetu

Alhamisi, tarehe 6 Juni 1996. Mvua imenyesha tangu kabla ya jogoo mpaka saa moja, halafu jua likatoka kali na matope ya boma yakaanza kutoa mvuke. Leo mzee anaulizwa maswali. Akikosa, anarudi nyumbani.

Ndivyo nilivyoandika siku ile kwenye daftari langu. Ni daftari la hesabu, lenye miraba, kwa sababu dukani lilibaki hilo tu. Nimelifungua tena juzi na nimeona sikueleza kitu. Mzee gani? Maswali gani? Nafikiri nilijua ni mimi peke yangu nitakayesoma, na mimi nilijua yote. Sasa nitajaribu kueleza. Shule niliiacha darasa la sita, kwa hiyo nikikosea mahali iwe ni kutojua. Sitaki kujipamba.

Mzee ni baba mkwe wangu. Mimi na yeye tulifanya kazi shamba moja, shamba la ng'ombe wa maziwa upande wa Chakol. Maziwa yetu yalipelekwa Malaba kwa baiskeli kila asubuhi, kwa hoteli zinazowapikia chai madereva wa malori wanaongoja kuvuka kwenda Uganda. Mwenye shamba alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa Nambale, na hata baada ya kuacha chaki tuliendelea kumwita Mwalimu. Kiteso, lugha yetu, alijua cha salamu tu. Salamu zikiisha, alimalizia kwa mikono.

Mzee alianza kumchungia Mwalimu zamani, wakati kulikuwa na ng'ombe wa kienyeji peke yao. Halafu Mwalimu akanunua ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa mengi, kutoka Kitale. Walifika wamezoea kusemeshwa Kinandi, na siku za kwanza waliwakazia watu macho kama wageni waliopotea njia ya matanga. Maziwa walikataa kushusha. Mzee alikaa nao wiki nzima akiwasemesha Kiteso, akiwakuna chini ya shingo, mpaka mmoja akaachia maziwa, halafu wa pili. Mimi sikuwepo, nilikuwa bado sijaolewa, lakini watu watatu wameniambia hadithi hiyo na wote wameisema vilevile, kwa hiyo naiamini.

Baada ya kuolewa, nafasi ilipotokea ya kuosha mikebe na kukamua asubuhi, nilienda. Hapa lazima niseme jambo ambalo mtu wa nje hawezi kulijua. Kwetu sisi, mke wa mtoto na baba mkwe wana mipaka yao. Hatushikani mikono. Hatuli mahali pamoja. Nikikutana naye njiani napisha, napita pembeni kwenye majani. Na kuna maneno ambayo siwezi kuyatamka mbele yake, maneno ya mwili, hasa ya mwili wa kike. Nikiyatamka nimemvua nguo. Yeye pia ana mipaka yake kwangu. Shambani, kabla hajaingia bandani alikuwa anakohoa mara mbili nje, nami nilikuwa natoka na ndoo yangu kwa mlango wa nyuma. Nyumbani akitaka maji hakuniambia mimi. Alimwambia mbwa.

"Mbwa," husema, "hivi katika boma hili kuna maji ya kunywa?"

Nami naleta maji naweka mlangoni. Yule mbwa alikuwa mzee, ameota mvi mdomoni, na sijui kama aliwahi kushangaa kuulizwa mambo mengi hivyo.

Basi mwaka ule, mvua ya masika ilipoanza, ng'ombe wawili waliharibika viwele. Mwalimu alikasirika, na alikuwa na haki. Akaenda Busia kwa ofisi ya mifugo akarudi na habari: afisa mmoja atakuja kutufundisha, kila Jumanne na Alhamisi baada ya kukamua, wiki tatu. Siku ya mwisho kila mtu ataulizwa maswali, mmoja mmoja. Anayefaulu anabaki na ng'ombe. Anayekosa anaondoka, na mahali pake patachukuliwa na mtu wa kisasa.

"Wote," Mwalimu alisema. "Hata mzee."

Hakusema kwa ubaya. Lakini niliona mzee, ambaye Kiswahili chake kilikuwa "jambo", "leta" na "kesho", anaangalia midomo yetu mmoja baada ya mwingine akitafuta ni kitu gani kimesemwa.

Afisa alikuwa kijana mpole, ametoka mbali, Kiteso hakujua hata kusalimu. Alituambia yeye si daktari, tukaendelea kumwita daktari. Jumanne ya kwanza alisimama mbele yetu na gamboti zake safi za mpira, akaongea dakika kama tano, akaona watatu wanaitikia na wanne wanaangalia ng'ombe.

"Nani hapa anajua Kiswahili na Kiteso, zote mbili?" akauliza.

Mkamuaji mwenzangu, mama mmoja wa Nambale asiyeweza kukaa kimya hata kanisani, alinisukuma mgongoni. "Huyu hapa, daktari. Huyu husoma mpaka gazeti lililofungia sukari."

"Mimi sijui vizuri," nikasema.

"Usimsikilize. Hata chumvi akinunua anasoma pakiti."

Daktari alicheka, akaniambia nisimame kando yake. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi hiyo, kwa kusukumwa. Sikuomba, na nasema hivi kwa sababu baadaye watu walisema nilijipendekeza.

Masomo ya kwanza yalikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Yalikuwa ya maji safi, ya kukata majani ya napia kabla hayajakomaa, ya kuosha mikebe na kuianika mdomo chini. Daktari anasema kidogo, mimi nasema kidogo. Mahali ambapo Kiteso hakina neno nilizunguka. Kwa mfano vile vidudu visivyoonekana, nilisema ni kama kile kinachochachusha pombe ya wimbi: hukioni, lakini asubuhi unakuta chungu kinatoa povu. Wazee wakacheka, wakaelewa. Nilionja kitu ambacho sijawahi kuonja, watu wazima wamenyamaza wakiningoja nimalize. Nyumbani nilitembea nimenyoosha shingo. Mume wangu, anayebeba watu kwa baiskeli pale mpakani, akaniuliza kama nimeumwa na nyuki.

Mzee alikaa nyuma, ubavu kwangu, akiangalia nguzo. Lakini alisikiliza. Nilijua kwa sababu kesho yake alianika mikebe mdomo chini, yote, hata ile isiyo yake.

Halafu ikaja Alhamisi ya kiwele.

Daktari alimleta ng'ombe mmoja, mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji, akamfunga mbele yetu. Akachuchumaa. Alionyesha vipi unakamua matone ya kwanza kutoka kila chuchu kwenye kitambaa cheusi, uangalie kama kuna mabonge. Halafu akatoa mfukoni tyubu ndogo ya dawa, yenye ncha nyembamba, akasema maneno haya, nayakumbuka vizuri kwa sababu ndiyo niliyoyaacha:

"Ukiona mabonge, kiwele kinaumwa. Unakamua chuchu ile mpaka iishe kabisa. Unapangusa ncha ya chuchu. Unaingiza hii kwenye tundu la chuchu, pole pole, unaminya dawa yote ndani. Unashika chuchu, unasukuma dawa ipande juu kwenye kiwele. Jioni tyubu moja, asubuhi tyubu moja, siku tatu. Na maziwa ya chuchu hiyo usiweke kwa mkebe."

Aliponigeukia, nilifungua mdomo na hakukutoka kitu.

Nataka nieleze vizuri. Kwa Kiswahili ningesema chuchu siku nzima. Kiswahili nilikikuta shuleni, hakuna mtu aliyenilipia mahari kwa Kiswahili. Lakini Kiteso ndiyo lugha niliyoolewa nayo. Neno hilo kwa Kiteso ni lilelile la ng'ombe na la mwanamke, na mzee alikuwa pale, hatua tatu, anaangalia nguzo. Tena kushika, kusukuma, kuingiza!

Nikasema kwa Kiteso: "Ng'ombe akiugua ugonjwa wa maziwa, anapewa dawa hii. Moja jioni, moja asubuhi, siku tatu. Maziwa yake yasiwekwe kwa mkebe."

Daktari akaningoja.

"Ni hayo tu? Mimi nimesema mengi."

"Kiteso ni kifupi, daktari."

"Aa! Basi hiyo ni lugha nzuri," akasema, akainuka akapangusa magoti.

Mama wa Nambale hakujua Kiteso lakini alikuwa na macho. Tukiosha ndoo akaniambia, "Wewe leo umetafsiri kama mtu anayekula samaki. Nyama umemeza, miba umetema. Ama ni miba uliyomeza?" Nikamwambia anyamaze aoshe. Nilijiambia mzee amemwona daktari akichuchumaa, ameona kwa macho. Lakini ukweli ni kwamba mzee hakuangalia. Mtoto wake wa kike, maana ndivyo nilivyo kwake, amesimama kando ya kiwele kilichoshikwa na mwanamume. Angeangaliaje? Aliangalia nguzo mwanzo mpaka mwisho. Nilijua hivyo wakati ule ule, na nilikaa kimya.

Jumamosi jioni yule mweusi mwenye baka alivimba chuchu ya nyuma. Daktari hakuwepo, na mimi nilikuwa nimeshaenda nyumbani. Mwalimu alimpa mzee tyubu mbili, akamwonyesha ng'ombe, akaonyesha jua linapotua, moja, halafu linapochomoza, moja. Mzee aliitikia. Somo hilo alikuwa nalo kichwani, nilimpa mimi mwenyewe.

Kwetu dawa ya ng'ombe ni ya mdomoni. Majani yaliyotwangwa, chumvi ya magadi, maji ya majivu, vyote tunampa kwa chupa. Unamshika pua, unainua kichwa, unamimina pembeni mwa ulimi, unamshika koo mpaka ameze. Hakuna mtu wa rika lake aliyewahi kusikia dawa inayoingilia kwenye kiwele. Kwa hiyo mzee alimshika pua yule ng'ombe, akamminyia tyubu ya kwanza kwenye ulimi Jumamosi, ya pili Jumapili alfajiri, akamsugua koo ameze vizuri. Tena alifanya kwa uangalifu, hata tone halikumwagika.

Jumatatu nilipofika nilimkuta mama wa Nambale amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anacheka mpaka anafuta machozi kwa leso.

"Mzee amemnyonyesha ng'ombe! Wewe! Amemshika hivi, akamwekea mdomoni kama mtoto! Niliona kwa macho yangu jana!"

Vijana wa kukata napia nao wakaanza. "Kesho atamfunga nepi." "Muulize kama alimbeba mgongoni."

Nisimwonee yule mama. Alicheka kwa sababu ilikuwa inachekesha, na kama ingekuwa mzee wa mtu mwingine ningecheka mimi pia. Lakini ng'ombe alikuwa amesimama mguu mmoja ameunyanyua, chuchu imekuwa nyekundu kama pilipili. Mwalimu alikuwa amesimama naye. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige.

"Muulize," akaniambia, "kwa nini ameweka dawa mdomoni."

Nikauliza. Mzee akajibu akiiangalia nguzo: "Mwambie nilimpa vile tulivyofundishwa."

"Anasema alimpa vile tulivyofundishwa."

"Nani alimfundisha hivyo? Daktari alisema mdomoni?"

Nikatafsiri swali hilo. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Nilimwona akikunja ngozi ya paji, akirudi nyuma kichwani mwake mpaka Alhamisi, neno kwa neno, na nikaona mahali alipofika. Alielewa. Alielewa kwamba maneno yalikuwa zaidi, na ni nani aliyeyazuia, na kwa nini. Hakugeuka hata kidogo kuniangalia.

"Mwambie nimezeeka," akasema. "Nimesahau."

Na mimi, Mungu ananiona, nilimgeukia Mwalimu nikasema: "Anasema amezeeka, amesahau."

Katika wiki zile tatu sikutafsiri kitu kingine sawasawa kama hicho.

Mwalimu akavuta pumzi. Alisema mzee amemfanyia kazi vizuri na hatamfukuza kama mbwa, lakini Jumamosi akabidhi fimbo aende kupumzika. Maswali hana haja ya kuulizwa. Nilipomtafsiria mzee hayo aliitikia, akakohoa mara mbili, akatoka kwenda kuwafungulia wengine. Kwa mara ya kwanza alikuwa anakohoa akitoka, si akiingia.

Nyumbani nilimwambia mama mkwe, maana ndiye njia ya kupitishia mambo kama hayo. Alikuwa anachambua kunde, hakuacha kuchambua.

"Sasa unaniambia mimi?" akasema. "Mimi ndiye mwenye ng'ombe?"

"Nitasemaje, mama? Nikikiri nitaambiwa niyaseme yale maneno. Mbele yake."

"Naye anajua?"

"Anajua. Hakunitaja."

Akachambua majani mengine kadhaa. "Huyo mtu wako," akasema, kwa maana ya mume wake, "miaka yote hii anamwambia mbwa mambo yake, na wewe unasikia. Mbwa ni mdogo. Ng'ombe je? Ng'ombe ana mbavu kama ukuta wa nyumba. Anashindwa kumsitiri mtu?"

Nilimwangalia. Yeye akaendelea na kunde zake, kama aliyekuwa anazungumzia mvua.

Jumanne daktari alipofika, kabla hajafungua begi, nilimwendea yeye na Mwalimu wakiwa wamesimama pamoja. Nilikuwa nimepanga maneno, yakanipotea yote. Nikasema tu, "Kosa la dawa si la mzee. Ni langu. Sikumwambia mahali inapowekwa."

Mwalimu akatikisa kichwa. "Mama, naelewa unamtetea mkwe wako. Ni vizuri. Lakini ng'ombe si wa kuchezea."

"Simtetei. Niliacha maneno."

"Mzee mwenyewe alisema amesahau. Wewe ndiye uliyetafsiri."

Lakini daktari alikuwa ananiangalia kwa jicho moja limefungwa kidogo, kama mtu anayekumbuka.

"Kiteso ni kifupi," akasema.

"Si kifupi, daktari. Ni kirefu kama lugha zingine. Ni mimi niliyekifupisha."

Nikawaeleza. Nilieleza kwa Kiswahili, kwa hiyo iliwezekana. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, naye kwao Nambale wana mambo yao ya wakwe, hilo alilijua bila kufundishwa. Alishika kidevu. "Lakini nitajuaje?" akasema. "Labda hata ukimwambia hatashika." Alikuwa na haki ya kuuliza hivyo.

"Mwambie leo," daktari akasema. "Yote. Tuone kama atashika."

Nikaomba kitu kimoja, kwamba yule mweusi mwenye baka asimamishwe katikati ya banda, mzee awe upande wake wa kushoto na mimi upande wa kulia. Mama wa Nambale alifungua mdomo kusema kitu, halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akaufunga.

Mzee alikohoa mara mbili nje akaingia. Safari hii sikutoka. Alisimama upande wake. Mimi niliona kofia yake tu juu ya mgongo wa ng'ombe, na gamboti zake chini. Nikachuchumaa. Nikaweka mkono kwenye kiwele cha moto. Nikamwambia ng'ombe.

"Wewe ng'ombe," nikasema kwa Kiteso, "hiki ni kiwele chako." Nikalitaja neno lenyewe. "Na hizi ni chuchu zako." Nikazitaja. Masikio yangu yalilia. Wanaume wawili wa kwetu waliinua macho wakaanza kusoma mabati ya paa kana kwamba yameandikwa. Niliendelea. Nilimwambia ng'ombe chuchu yake ya nyuma inaumwa, kwa hiyo itakamuliwa mpaka iishe, ipanguswe kwenye ncha, dawa iingizwe kwenye tundu, iminywe yote, halafu mkono uisukume ipande. Nilimwambia asubuhi na jioni, siku tatu. Nilimwambia kwamba baada ya tyubu ya mwisho maziwa yale yamwagwe siku tatu zingine, daktari alikuwa ameongeza hilo. Sikuacha kitu. Ng'ombe alitafuna tu.

Halafu kutoka upande wa pili nikasikia sauti ya mzee, ile anayowasemeshea ng'ombe, ya chini.

"Ng'ombe, nimesikia unaumwa mahali fulani. Kumbe ndiyo maana dawa yangu haikukusaidia. Ulimeza bure, pole." Mtu mmoja akacheka, akajizuia. "Sasa nitakukamua hiyo mpaka iishe. Nitakupangusa..." Akayasema yote, kwa mpangilio, kama nilivyoyasema. Nikayageuza kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, daktari akihesabu kwa vidole. Kisha daktari akapitisha tyubu chini ya tumbo la ng'ombe. Nikaondoa mkono wangu, nikarudi nyuma mpaka ukutani, na mkono wa mzee ukaja kutoka upande ule, ukatafuta, ukapata. Kwa kweli sijawahi kumwona mtu akiingiza tyubu laini hivyo. Ng'ombe hakuinua mguu.

"Ee, huyo mzee ni fundi," daktari akasema kwa sauti ndogo.

Jioni Mwalimu alipita bandani akaniambia, "Alhamisi ataulizwa kama wengine. Akifaulu, anabaki. Akikosa, mama, sitaongeza neno." Nikasema ni sawa, na ilikuwa sawa.

Basi turudi kwa ile Alhamisi ya mvua na jua. Tuliulizwa mmoja mmoja bandani. Mama wa Nambale alifaulu, akatoka akicheza. Mimi nilifaulu, nilikosa swali la kupe. Mzee alikuwa wa mwisho, na mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Ng'ombe yuleyule akasimama kati yetu. Daktari aliuliza maswali kumi, mzee akamjibu ng'ombe, mimi nikamjibu daktari.

Alikwenda vizuri mpaka la nane. Daktari aliuliza: baada ya tyubu ya mwisho, maziwa yanarudishwa lini kwa mkebe? Mzee akasema: "Ng'ombe, nitayanusa. Yakinukia maziwa badala ya dawa, nitayarudisha."

Nilikuwa najua jibu. Siku tatu. Lilikuwa mdomoni kwangu, na pale bandani hakuna mtu mwingine wa Kiteso aliyekuwepo. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Ningeweza kusema "siku tatu" na hakuna kiumbe angejua isipokuwa mzee, ambaye Kiswahili chake kiliishia "kesho". Na nilimdai— hapana, yeye ndiye aliyenidai mimi, alikuwa amenificha mbele ya watu. Sijui ilichukua muda gani. Mimi niliona ni mrefu.

"Anasema," nikasema, "atayanusa. Yakinukia maziwa, atarudisha."

Daktari akaweka alama ya kukosa. Midomo yangu ilikuwa safi. Kwa sababu nilikuwa nimeshamfupishia mara moja, na ilitosha. Kama angebaki, nilitaka abaki kwa maneno yake.

La tisa akapata. La kumi akapata, tena akaongeza kitu ambacho daktari hakutufundisha, kwamba ng'ombe mwenye kiwele kinachoanza kuumwa hulala kwa kuegemea upande mwingine usiku wa kwanza, kabla hakijavimba. Daktari aliacha kuandika. "Muulize amejuaje hilo."

"Anasema anawaangalia."

Daktari aliandika hilo. Sio kwenye karatasi ya alama, kwenye kitabu chake mwenyewe. Kisha akamwambia Mwalimu: "Tisa kwa kumi. Hata mimi mwaka wa kwanza sikupata hiyo."

Mwalimu alimwendea mzee, upande wake wa ng'ombe, akampa mkono. Nilisikia Kiteso chake cha salamu, halafu kikaisha, halafu nikasikia anampigapiga mzee begani.

Lile la siku tatu mzee aliambiwa palepale, na sijawahi kuona akilikosea tena. Yule ng'ombe alipona, ila chuchu ya nyuma haikurudi kama zamani, ilitoa kidogo tu. Hiyo chuchu ni yangu. Kila nilipoikamua nilijua.

Kabla ya kuondoka, daktari aliniletea ubao na chaki ya mafuta. Alitaka kanuni za kukamua ziandikwe bandani, Kiswahili juu, Kiteso chini. Cha juu aliandika yeye. Cha chini niliandika mimi, herufi kubwa, mistari ikapinda kidogo. Niliandika kila neno. Ubao ulikaa pale miaka mpaka shamba lilipogawanywa, na wakamuaji waliokuja baadaye walijifunza kwa huo bila kumuuliza mtu. Sioni haya kusema kwamba nilipopita niliusoma, hata nilipokuwa na haraka.

Jioni ile nilirudi nyumbani kwa matope, nikapita nyuma ya nyumba ya mzee kama kawaida. Alikuwa amekaa mlangoni na mbwa wake.

"Mbwa," nikamsikia akisema, "nimeambiwa kuna ubao. Mimi sijui kusoma. Lakini nimeambiwa umeandikwa na mtu wa boma hili." Akamkuna sikio. "Huyo mtu leo asipakuliwe wa mwisho kama siku zote."

Mama mkwe alisikia, akaniita jikoni akanipakulia kwanza, kabla ya watoto. Tulikula ugali wa wimbi na kunde zilizopikwa na karanga, na maziwa lala, yale yaliyoganda, ambayo Mwalimu alimpa mzee kwenye kibuyu.